Usilipe hiyo injini ya .61, anza na propela

Usilipe. Kama pesa bado iko kwenye simu, iache hapo hapo kwenye simu. Huyo muuzaji wa injini mwambie mtandao umekwama, mwambie mke amekataa, mwambie lolote.

Nimesoma swali lako nikashika kichwa. Fremu ya balsa, ile mbao nyepesi, ya injini ya .40 (namba hiyo ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo) umeshaimaliza, mabawa membamba, safi, unataka ndege ya rimoti inayokimbia kwelikweli. Kuna mtu wa Nairobi anakuuzia injini ya .61 ya mkono wa pili kwa bei ya .40, na amekwambia eti "kubwa ndiyo kasi". Halafu unauliza mafuta au betri, methanoli (ndiyo mafuta ya injini hizi) Mombasa inapatikana wapi, na utarushia wapi. Waliokujibu kabla yangu wanakupongeza kwa bei nzuri. Bei nzuri! Yakhe, hata mimi nilipata bei nzuri.

Fremu yangu ilikuwa ndugu wa hiyo yako. Nikaenda kwa muuza vifaa mmoja, mtu wa maneno matamu, akaipima ndege kwa macho tu, akasema, "Hii ukiitia .40 itakuwa ya kufundishia watoto. Tia .61 uone." Sikuuliza nione nini. Nikatoa pesa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya dari ya jipsamu ya sebule. Mpaka leo kwangu ukiinua macho unaona mabati, na mgeni akiuliza, mke wangu humjibu, "Dari yetu ilipaa."

Kwanza injini yenyewe haikuingia. .61 ni pana kuliko .40, ikabidi nikate pua niliyoipiga msasa jioni baada ya jioni. Kisha ikaja hesabu ya uzito. Gramu 200 hivi za ziada ukijumlisha na mafla yake (kizuia kelele), zote puani, na ndege ikainama mbele kama mzee anayetafuta sarafu chini. Nikampigia yule bwana. "Tia madini ya risasi mkiani," akasema, kana kwamba uzito ukiuweka nyuma unaacha kuwa uzito. Nikatia. Injini kubwa inakunywa zaidi, kwa hiyo tangi likabadilishwa, nalo likadai nafasi ya betri ya risiva (kipokezi cha rimoti), betri ikasogezwa nyuma, mizani ikaharibika upya. Nilipomaliza nilikuwa na ndege nzito yenye mabawa yale yale, na ndege nzito yenye bawa dogo inatua kwa mbio utake usitake. Magurudumu yalikunjika siku ya kwanza. Nikajifariji kwamba hiyo ndiyo dalili ya kasi.

Kasi yenyewe haikuwepo! Kelele ilikuwepo, ya kutosha kuamsha mtaa. Ilipanda juu wima vizuri sana, hilo siwezi kuidhulumu. Lakini ikinyooka kukimbia, inafika mahali inakwama, hata ukisukuma stiki mpaka mwisho. Kisha akaja kijana mmoja, ndevu hazijajaa kidevuni, na .40 chakavu iliyofungwa propela ya 9x7, akanipita. Akarudi akanipita tena, nadhani kwa makusudi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ilipo siri ambayo muuzaji hakunambia, ama hakuijua, na sijui lipi ni baya zaidi.

Propela ina namba mbili. Ya kwanza ni urefu wake kwa inchi kutoka ncha hadi ncha. Ya pili ni pichi, yaani inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza hewani. Chukua mizunguko kwa dakika, zidisha kwa pichi, zidisha kwa 0.0015. Jibu ni kilomita kwa saa. Hiyo ndiyo dari ya kasi ya ndege yako ikiruka usawa (dari tena, nisamehe). Hewani injini hupata wepesi kidogo na mizunguko hupanda, na ndege chafu yenye waya na magurudumu nje haifiki hata hapo, lakini kwa kuchagulia kifaa hesabu hiyo inatosha.

Yule bwana aliniuzia .61 pamoja na propela ya 12x6, "ndiyo saizi yake". Nilipopata takometa (kipima mizunguko) ya kuazima, ilikuwa inazunguka 11,500. Piga hesabu: kilomita 103 na kidogo. Ya kijana, 9x7 kwa 14,500, inatoa 152. Nimelipa zaidi, nimebeba zaidi, nimekata pua, ili niwe wa polepole. Injini kubwa inapenda propela ndefu na mizunguko ya chini. Hiyo ni nguvu ya kunyanyua, ya ndege za michezo ya angani na za kuvuta mizigo. Kasi ni mizunguko na pichi, basi.

Na hata ungeipa .61 propela inayofaa, usitarajie miujiza. Ukizidisha kasi mara mbili, hewa inakukataa mara nne, na nguvu unayohitaji kuipita ni mara nane. Igeuze hesabu hiyo: ukiongeza nguvu mara mbili unapata kasi asilimia 26 tu. .40 ni sentimita za ujazo 6.5, .61 ni 10. Tuseme nguvu imepanda kwa kiasi hicho hicho: faida ni asilimia 15, na hiyo ni kama ndege haijaongezeka hata gramu. Yako itaongezeka. Wale wanaoshindana mbio za kuzunguka nguzo, daraja liitwalo F3D, wamefungiwa ujazo wa kiasi hicho cha .40, mafuta yao ni methanoli na mafuta ya kulainisha bila nitro (kemikali ya kuongeza nguvu), na bado wanapita kilomita 300 kwa saa, kwa sababu injini inazunguka zaidi ya 30,000 kwa propela ndogo na bomba la ekzosi lililopimwa urefu, na mwili wa ndege hauna hata skrubu iliyochomoza. Na ukitaka kucheka: ndege za rimoti zenye kasi kuliko zote duniani, zilizopita kilomita 800 kwa saa huko Kalifonia, ni zile za kuelea nyuma ya mlima kwa nguvu ya upepo. Injini hazina. Mwambie huyo muuzaji wako akuuzie hiyo.

Najua kuna mtu atauliza, si ungebadilisha propela tu? Nilibadilisha. Nikatia 11x8, ikafika 12,000, karatasi ikasema 144. Bado chini ya kijana, lakini nikaona huo upungufu nitauziba kwa kuipigisha mbizi. Hapo ndipo nilipoimaliza kazi. Mtetemo wa .61 kwenye fremu isiyo yake ulikuwa umelegeza bawaba za eleroni (vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande) na vijiti vya sevo (vimota vinavyovisukuma), kidogo tu, kiasi cha kukiona ukitikisa kwa kidole. Sikutikisa. Tulikuwa kando ya mkonge wa Vipingo, upepo wa Kusi umetulia, kijana anatazama. Nikaipandisha, nikaigeuza pua chini, stiki mpaka mwisho. Eleroni zikaanza kuvuma. Kipande kilicholegea kikipata kasi yake, hewa inakipiga juu na chini mara nyingi kwa sekunde, na kila pigo linalisha pigo linalofuata. Ukisikia mvumo huo, punguza moto na unyanyue pua taratibu, usifikirie. Mimi nilifikiri. Nikafikiri, "leo imeamka." Eleroni ya kushoto ikaondoka, bawa likafuata, na zilizobaki zikaingia kwenye mkonge. Umewahi kutafuta vipande vya balsa ndani ya mkonge? Ile miiba ya ncha ilinitoboa mpaka nikasahau bei. Injini ilitoka imejaa mchanga, kabureta imevunjika shingo.

Nilipomrudia yule bwana, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani ulipiga mbizi na fremu ya .40?" Sasa ikawa ni fremu ya .40! Siku ya kuuza ilikuwa "itabeba tu, hii mbao nzuri". Na ile video aliyonionyesha ya .61 ikipita kwa fujo, nilikuja kuitazama tena nikaona minazi nyuma yake: imelala upande ule ule ndege inakokwenda. Alipiga picha ikienda na upepo, Kusi la mwezi wa saba. Kwa upepo huo hata mfuko wa unga unavunja rekodi. Mtu akikuonyesha video ya kasi pwani hii, mwambie akuonyeshe na ya kurudi.

Kwa hiyo fanya kinyume changu. Amua kasi kwanza. Tuseme 150. Tafuta pichi na mizunguko inayotoa 150, uangalie kama propela hiyo haigusi chini wakati wa kuondoka, ndipo utafute injini inayoweza kuizungusha hiyo propela kwa mizunguko hiyo, na uzito wake ukubaliwe na pua bila risasi hata punje. Kwa fremu yako jibu litakuwa .40 au .46 ya beringi, na .46 ni pale tu ikiwa mwili wake ni ule ule wa .40, kama zilivyo nyingi. Mtu akianza kukutajia ujazo kabla ya kukuuliza propela, muage.

Ukienda kuangalia injini ya mkono wa pili isiyo na ringi za pistoni, izungushe kwa mkono ikiwa baridi na plagi iko ndani. Pistoni ikifika juu kabisa lazima ikukazie. Ikipita laini, silinda imekwisha, hata ing'ae vipi. Na ikiwa imesetiwa Nairobi usiamini ile "usiguse sindano, iko sawa" (sindano ya kabureta, inayopima mafuta). Kule ni karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa moja ya sita hivi. Ukiishusha Mombasa inapata hewa nzito kwa mafuta ya Nairobi, inakauka (mafuta yanakuwa machache kwa hewa hiyo), inachemka, inakwama hewani. Fungua sindano kwanza, kisha ikaze kidogo kidogo ukisikiliza.

Mafuta au betri? Kanuni ni ile ile. Namba ya Kv ya mota ni mizunguko kwa kila volti ikiwa haijabeba kitu. Kwa ndege ndogo ya foam, 2200 Kv kwa betri ya lipo ya seli tatu ni kama 24,000. Ikibeba propela tarajia robo tatu, na pichi ya 5.5 inakufikisha karibu 150 bila kunuka. Usiongeze seli ya nne kwa tamaa kabla ya kupima ampea, maana mizigo ya propela inapanda haraka kuliko volti na kidhibiti cha mota kitatoa moshi.

Methanoli ni sumu. Ndiyo ile iliyoua watu kwenye pombe za magendo mwaka 2014, kwa hiyo muuza kemikali akikuhoji usimkasirikie. Changanya na mafuta ya nyonyo au sinthetiki, asilimia 18 hadi 20, usipunguze ili kuokoa shilingi. Funga kopo, maana methanoli inavuta unyevu na unyevu wa Mombasa hauhitaji kubembelezwa. Siku ikiisha iache injini imalize mafuta yaliyo ndani, kisha uitie mafuta ya kuzuia kutu, la sivyo beringi zitakuwa nyekundu kabla ya mwezi.

Kiwanja uliuliza pia, nimeona, lakini tayari nimeandika gazeti. Upande wa Port Reitz na Changamwe usifikirie, ndege za abiria zinashukia huko, na kibali ni cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya.

Pima uzito wa ndege yako bila injini, pima na umbali kutoka pua mpaka mahali pa mizani, uweke hapa. Nitakupigia hesabu usiku watoto wakilala. Na huyo wa .61 akikupigia tena kukwambia kuna mteja mwingine anaisubiri, muombe namba ya huyo mteja, nimwandikie na yeye.