Kabla ya kulipia uzamili wa sayansi ya siasa Nairobi

Usichague programu kwa jina la chuo. Omba orodha ya kozi za mihula yote, kisha angalia mbinu za utafiti zimepewa nafasi gani. Je, wanafunzi huchambua data wenyewe kwenye kompyuta, au hufundishwa nadharia tu? Anayehitimu bila kushika data anaweza kumjadili mwanafalsafa Hobbes vizuri sana, lakini akipewa jedwali la takwimu anakwama, na kazi nyingi za utafiti huanzia hapo.

Nguvu kubwa ya kusomea Nairobi ni malighafi. Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, Bunge lina Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala yake, na mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka mtandaoni Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, za uchaguzi wa urais uliokuwa na vituo 46,229. Data za Afrobarometer, utafiti wa maoni ya wananchi katika nchi za Afrika, nazo hupatikana bure, ila zijue mipaka yake. Sampuli ya Kenya kwa kawaida ni watu 2,400, na matokeo huweza kukosea kwa takriban asilimia 2 juu au chini. Ukiigawa kwa kaunti 47, wastani ni watu 51 kwa kila kaunti, na makosa yanaruka hadi karibu asilimia 14. Tasnifu kuhusu maoni ya wakazi wa Lamu pekee haiwezi kusimama juu ya data hizo.

Udhaifu hujitokeza kozi zikiisha. Madarasa ya jioni humfaa aliyeajiriwa, lakini baada yake hakuna ratiba tena, na wengi hukwamia kwenye pendekezo la utafiti kwa sababu mada ni pana mno. “Ugatuzi na demokrasia Kenya” haimaliziki. Bajeti ya afya katika kaunti mbili, 2017 hadi 2022, inamalizika.

Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili, si ofisi ya udahili peke yake: rasimu hurudi baada ya muda gani? Msimamizi akienda likizo, nani humshika mkono mwanafunzi? Muhula wa ziada hulipiwa kiasi gani?

Pendekezo likipitishwa tu, omba kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, mtandaoni ukiwa na barua ya chuo. Ukifika kaunti, ripoti kwanza kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu, ndipo uanze mahojiano.