Nina masaa 1,700 ya Caravan, niende ndege kubwa au nibaki porini?

SWALI: Shikamoo kapteni. Nina miaka 29, narusha Caravan (ndege ndogo ya injini moja) kutokea Arusha, Serengeti naingia karibu kila siku. Logbuku (daftari la masaa ya kuruka) inasoma masaa 1,700, kati ya hayo 380 nilikaa kiti cha kulia kama rubani wa pili kabla sijaachiwa ndege. Leseni yangu bado ni CPL (ya rubani wa biashara), mitihani ya ATPL, ile leseni ya juu kabisa ya rubani, nimeshamaliza. Sasa kuna kampuni ya ndege za abiria imenipa ofa ya FO (rubani msaidizi) kwenye Q400, ndege kubwa ya mapangaboi mawili, bondi miaka 3, yaani nikiondoka kabla nawalipa gharama za mafunzo. Nyumbani wote wanasema niende mbio, mama ameshawaambia mpaka majirani, ila mimi kusema ukweli kazi yangu naipenda na naogopa kule nitakuwa mtu wa kubonyeza vitufe tu. Je, yale masaa ya kiti cha kulia yatahesabiwa kwenye ATPL? Na wewe uliyepita kote, ulijuta?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa ofa hata kama hutaichukua. Naanza na masaa maana hapo ndo watu wanadanganyana sana wakisubiri wageni chini ya bawa.

Caravan kwenye vyeti vyake ni ndege ya rubani mmoja. Kwa hiyo ulipokaa kulia swali sio kama ulikuwa unafanya kazi au unaangalia twiga, swali ni je kisheria ulitakiwa uwepo pale, au ni kampuni tu iliamua ukae ujifunze na wageni wafurahi kuona sare mbili? Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga (Aneksi ya 1 hiyo), kama mamlaka ndiyo inayodai ndege ile iruke na rubani wa pili basi masaa yako yanahesabiwa kwa kisichozidi nusu kuelekea leseni ya juu, na mamlaka inaweza kukupa yote ikiwa ndege ina vifaa vya marubani wawili na kweli inaendeshwa kwa utaratibu wa marubani wawili. Kama hakuna aliyedai uwepo, hata hiyo nusu usiitegemee. Kwa hiyo kabla hujabishana na mtu nenda kachukue manuali ya kampuni yako uone imeandikwaje, halafu peleka logbuku kwa watu wa leseni pale TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania) wakwambie wao, maana hapa kwetu wao ndio wenye neno la mwisho.

Piga hesabu ya nusu sasa. 1,700 toa 380 inabaki 1,320, jumlisha 190, unapata 1,510. Umevuka 1,500 zinazotakiwa kwa ATPL kwa masaa 10 tu, yaani umepita mlangoni kiubavu. Wakikunyima nusu, msimu mmoja wa wageni unaziba pengo. Hapo huna shida.

Shida yako naihisi iko mahali ambapo hujauliza. ATPL haitaki jumla peke yake, inataka pia 250 kama rubani kiongozi (unayo, tena ya kumwaga), 200 za safari za kutoka kituo hadi kituo (unayo), 75 za kuruka kwa vyombo (bila kutegemea kuona nje), na 100 za usiku. Sasa niambie ukweli, usiku unazo ngapi? Seronera hakuna taa, Kogatende hakuna taa, Ndutu hakuna taa, na saa kumi na mbili jioni bosi anataka ndege imeshalala Arusha. Marubani wa porini wana masaa elfu mbili elfu tatu na usiku wana 30, zile za shule na za mazoezi kidogo pale mwanzoni. Wenzenu wa Dar na Unguja wana nafuu kidogo kwa sababu viwanja vyote viwili vina taa na safari ya dakika 20 unaweza kuipiga jioni mara kadhaa. Wewe wa Serengeti ukibaki hapo ulipo utafikisha masaa 4,000 na ATPL utaisikia tu kwa watu. Kwenye Q400 hizo za usiku na za vyombo zinajaa zenyewe, hata huzitafuti. Tena jaribio lenyewe la ATPL linafanywa kwenye ndege ya injini zaidi ya moja inayotakiwa kuwa na marubani wawili, kitu ambacho Caravan sio, ukigeuza ukipindua.

Haya tuje kwenye moyo.

Mimi nilipiga Caravan miaka sita. Najua unachokipenda kwa sababu na mimi bado nakiota. Asubuhi unapakia mwenyewe, mizigo ya kilo 15 kila mgeni na siku zote kuna mmoja ana begi gumu la kilo 23 na anacheka tu, unapiga hesabu kichwani: ndege mwisho paundi 8,750, wageni wangapi, mafuta ya kwenda na kurudi na ya akiba, inakula kama paundi 350 mpaka 400 kwa saa, nani abaki na begi lije na ndege ya pili. Saa nane mchana unatoka Seronera, uwanja uko futi 5,000 na joto limefika 28, kwa hewa ile injini na bawa wanajiona wako futi 7,700 hivi, na wewe peke yako ndo unaamua tunaondoka sasa au tunapunguza mtu. Unapita chini mara moja kufukuza nyumbu uwanjani kabla ya kutua. Ukilala kambini unaweka matawi ya miiba kuzunguka matairi fisi asije akayatafuna. Hakuna kazi nyingine inayokupa maamuzi mengi hivyo ukiwa na miaka 29, na hilo usimruhusu mtu akwambie ni "ndege ya watoto".

Ila hebu tenganisha vitu viwili, unapenda kurusha Caravan au unapenda kutokuwa na mtu wa kukuangalia? Nakuuliza kwa sababu mimi nilichanganya. Siku yangu ya kwanza kwenye simuleta (mashine ya kuigiza ndege) ya turbopropu, ndege ya mapangaboi, ya marubani wawili, injini moja ikazimwa wakati wa kupaa, mimi kama nilivyozoea nikashika kila kitu, mguu kwenye pedali, mkono huku mkono kule, redio mimi, cheklisti mimi kwa kichwa, nikaileta ndege chini salama kabisa nikageuka nikitegemea sifa. Instrakta akaniuliza taratibu, "huyu jamaa pembeni yako ni mzigo?" Nikaambiwa nirudie. Nikarudia tena. Siku ya tatu ndo nikaelewa kwamba kule ustadi sio mkono, ni kusema unachokiona, kumgawia mwenzio kazi, na kukubali FO mwenye masaa 300 akwambie "kapteni, zunguka", yaani usitue, panda tena, na uzunguke bila kununa. Kwangu hiyo ilikuwa ngumu kuliko krosiwindi (upepo wa ubavuni) yoyote niliyowahi kutua nayo.

Kwa hiyo hilo la kubonyeza vitufe, nusu ni kweli. Q400 utaishika kwa mkono dakika chache wakati wa kupaa na chache wakati wa kutua, katikati ni otopailoti na makaratasi, na kila unachofanya kinarekodiwa, ukija juu mno au kwa kasi mno ukalazimisha kutua kesho yake unaitwa kwa meneja unaoneshwa mchoro. Dar, Dodoma, Dar, Mwanza, Dar, siku imeisha, na abiria hata jina lako hawalijui. Kuna wanaochoka na hilo ndani ya mwaka. Mimi kilichonishika ni hali ya hewa: mara ya kwanza kuingia Mwanza usiku, mvua imekaa upande wa ziwa, rada inaonesha nyekundu, tumepanga wawili tangu mbali tutafanya nini ikikataa, na ikakataa, na tukaenda kule tulikopanga bila mtu kupandisha sauti. Nilishuka kwenye ndege nimeridhika kwa namna ambayo porini sikuwahi kuipata, maana porini mara nyingi nilikuwa naridhika kwa sababu tu nimepona.

Na hapo niseme jingine. Kampuni yangu ya kwanza ya porini, siitaji, ilikuwa na tabia ya kupiga simu: wageni wana ndege ya Ulaya saa mbili usiku, wewe unaangalia wingu jeusi limekaa juu ya kreta ya Ngorongoro, sauti inasema "wenzako wametoka". Ukiwa peke yako kokpiti na bosi yuko kwenye simu, kura yako ni moja na yake ni moja, na yeye ndo analipa mshahara. Kama yako haina mambo hayo, shukuru sana, na hiyo ni sababu halali kabisa ya kubaki.

Usidhani pia kule kwa wakubwa ni peponi. Marubani wa Kenya Airways waligoma Novemba 2022, mfuko wao wa akiba ya uzeeni ukiwa moja ya hoja. Mwaka huohuo Airbus A220 za Air Tanzania zilisimama kwa matatizo ya injini, na ndege ikisimama rubani naye anasimama, rosta inakuwa nyeupe. Porini nako Aprili na Mei masika ikikolea kambi zinafungwa na tipu za dola zinakauka, sikwambii 2020. Riziki ya anga ni ya msimu kote kote.

Kuna na la umri ambalo ukiwa na 29 halikuumi. Kwa viwango vya ICAO, kwenye safari za kibiashara za kimataifa mwisho wa rubani anayeruka peke yake ni miaka 60, wakiwa wawili ni 65. Na ukishapita 40 ukiwa unabeba abiria peke yako, medikali (kipimo cha afya cha rubani) ni kila miezi sita badala ya mwaka. Mgongo wako nao unahesabu, ile mitikisiko ya saa saba mchana chini ya futi 12,000 bila kabini ya presha sio bure.

Ningekuwa wewe ningeenda. Sio kwa sababu ndege kubwa ni bora, ni kwa sababu masaa yako ya 1,701 ya Caravan hayakuongezei kitu kwenye karatasi ila 500 za kwanza za marubani wawili zinakufungulia milango hapa na nchi za Ghuba na popote, na kurudi porini ukiwa na ATPL ni simu moja tu, wakati kutoka porini ukiwa na miaka 42 ukaanze FO chini ya kijana uliyemfundisha wewe, nimewaona waliojaribu, wengi hawakumaliza mafunzo. Nilijuta? Miezi minane ya mwanzo ndiyo, kila nikipita juu ya Ngorongoro nikiwa futi 25,000 naangalia chini kama mtu aliyehama kijiji. Baadaye hapana. Nilijaribu na jeti miaka mitatu, hiyo ndo iliyonishinda, nikarudi turbopropu na nipo hapo mpaka leo.

Bondi isome kabla ya kusaini. Angalia kama deni linapungua kila mwezi au linakaa palepale mpaka siku ya mwisho ya mwaka wa tatu, na nani analipa kampuni ikikuachisha yenyewe au ukifeli simuleta. Wakikwambia "hiyo kawaida tu" waambie waiandike. Na logbuku ipige picha ukurasa kwa ukurasa leo hii, yangu ya kwanza ililoa kwenye mvua ya Arusha 2009 na masaa yangu 60 ya usiku yakabaki wino wa bluu tu.