Kugawa diski: anza na BIOS Mode, ndipo uchague programu

Mkuu, umesema una laptopu yenye diski ya 1 TB, unataka Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) ikae pamoja na Windows 10, na hujui ugawe kwa Disk Management (ya Windows yenyewe) au GParted (programu ya Linux ya kugawa diski). Mimi ni fundi, kazi hii naifanya kila wiki.

Kwanza bonyeza Win+R, andika msinfo32, usome mstari wa BIOS Mode, unaoonyesha jinsi kompyuta inavyowaka. Ukikuta UEFI, diski yako ni GPT (mpangilio mpya wa kugawa diski) na unaweza kuongeza patisheni, yaani vipande vya diski. Ikiandika Legacy, hapo ni MBR (mpangilio wa zamani), mwisho patisheni kuu nne. Laptopu nyingi za zamani hizo nne zilikuja zimeshatumika zote kutoka kiwandani, kwa hiyo hesabu kabla hujagusa kitu.

C (patisheni yenye Windows) ipunguze kwa Windows yenyewe: Disk Management, kisha Shrink Volume. Ikikupa GB chache wakati C ina nafasi kibao, kuna faili lisilohamishika limekaa katikati. Fungua CMD (dirisha la kuandika amri) kama administrator, andika powercfg /h off, zima, washa, jaribu tena. Amri hiyo inaondoa pia Fast Startup (Windows kuwaka haraka), ambayo ingeizuia Ubuntu kuandika kwenye patisheni za Windows. Nafasi iliyopatikana iache wazi, usiifomati, Ubuntu itajigawia. GB 60 zinatosha kuanzia.

GParted ni programu nzuri sana, lakini kusogeza mwanzo wa patisheni nakusihi usifanye bila nakala. Ukisogeza mwanzo, data yote inahamishwa kipande kwa kipande. Niliwahi kusogeza patisheni ya D ya deskitopu ya mama mmoja wa stesheneri ili C yake ipate nafasi. Deskitopu hiyo haikuwa na UPS (betri ya akiba). Kazi ikiwa katikati umeme ukakatika, na ulipowaka D haikufunguka tena. PhotoRec (programu ya kuokoa mafaili) ilirudisha picha na dokumenti nyingi, ila majina yote yalipotea. Kila faili lilikuwa herufi f na tarakimu. Tulikaa siku tatu tukifungua moja moja kutafuta kazi za wateja wake, na nyingine hazikuonekana kabisa. Iliniuma sana.

Kwa hiyo nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, ufungue mawili matatu uhakikishe yanasomeka. Kama BitLocker (kinga ya Windows inayoifunga diski) imewashwa, andika ile namba yake ya kufungulia kwenye karatasi. Halafu utuwekee hapa picha ya Disk Management yako kabla hujaanza, tuhesabu pamoja.