Re: Corolla NZE121, gia inachelewa kushika ikipata moto

Kaka, umesema ukitia D asubuhi inashika sawa, lakini ukifika Gede kutoka Malindi mjini injini inanguruma na gari haliongezi mwendo. Usikubali kufunguliwa giaboksi bado.

Anza na kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, si cha injini. Injini iwe ya moto na inaunguruma, gari tambarare, pitisha gia zote pole pole, rudisha P, ndipo uchomoe. Ipanguse kwa kitambaa cheupe. Nyekundu safi lakini imepungua: tafuta inapovuja tu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua: kilachi zinakwisha. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, zima gari papo hapo. Maji ya rejeta yameingia. Huku pwani hilo nalishuku mapema, maana watu hujaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi, na kipoza oili kiko ndani ya rejeta hiyo hiyo.

Kama haina maji, mwaga na utie T-IV, oili ya Toyota ya giaboksi otomatiki, si oili yoyote nyekundu. Hutoka lita 3 hivi, nyingi hubaki kwenye toko konvata, ile inayounganisha injini na giaboksi. Pima iliyotoka, rudisha kiasi hicho hicho, endesha siku chache, rudia. Usifanye flashi ya mashine, yaani kusukuma oili yote itoke kwa presha: uchafu ukihama huziba valvu.

Sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi, fungua, osha chujio na sumaku. Unga laini ni kawaida; vipande vya chuma, tafuta giaboksi nyingine. Taa ya O/D (ovadraivu, gia ya juu) kwenye dashibodi ikipepesa, isomwe kwa skana kwanza, huenda ni solenoidi tu, valvu ya umeme inayobadili gia.