Imeili iwe kengele tu, isiandike profaili yako

Nyie mnaoanza utafiti na mshachoka kujaza kwa mkono profaili ya ORCID (ukurasa wenye namba yako ya mtafiti na orodha ya kazi zako), subirini kidogo kabla hamjaanza kuunganisha mambo.

Mi nilianza vibaya. Niliweka alati za Google Scholar kwa jina langu (imeili ya taarifa makala mpya yenye jina hilo ikionekana), Gmail inazibandika lebo, Zapier (huduma ya kuunganisha programu) inachukua kila imeili yenye lebo ile inatupa mstari kwenye Google Sheets, na kila mwezi nageuza jedwali zima kuwa faili la BibTeX (muundo wa orodha ya marejeo) naliingiza ORCID bila hata kusoma. Ilienda poa kabisa mpaka msimamizi wangu akaniuliza tangu lini natibu magonjwa ya samaki, mimi mtafiti wa udongo jamani. Kumbe alati inatafuta jina, haimjui mtu, na jina hili tuko nalo wengi.

Na ORCID ilianzishwa 2012 kwa ajili ya shida hiyohiyo, tarakimu 16 zako peke yako (ya mwisho inaweza kuwa X, usishtuke, hiyo ni ya kuhakiki kama namba haijakosewa). Kwa hiyo ukituma makala, ingia ORCID kupitia kitufe kilichopo kwenye fomu ya jarida. Makala ikitoka na mchapishaji akaipeleka Crossref (sajili ya makala za wachapishaji) pamoja na namba yako, Crossref inakuomba ruhusa kwenye inboksi ya ORCID, ukikubali mara moja zinazofuata zinaingia zenyewe. DataCite, sajili ya seti za data, nao wana huduma ya kuziingiza ukiwapa ruhusa. Wengi wanauona ule ujumbe wa kuomba ruhusa wanadhani ni utapeli, wanafuta, halafu wanalalamika profaili iko tupu.

Sasa imeili zako zitumie kuokotea DOI tu, yaani namba ya kudumu ya kila makala. Skripti ndogo ya Apps Script (ya Google, inafanya kazi ndani ya Gmail na Sheets) inatosha, itafute kitu kinachoanza na 10. halafu tarakimu halafu mkwaju (/). Hapa pana mtego: sentensi ikiishia na DOI, nukta inabebwa nayo, Crossref inajibu 404 (haipo) na wewe unaona DOI iko sawa kabisa, mi nilipoteza jioni nzima kwa nukta moja. Kata nukta, mkato na mabano ya mwishoni kwanza, ndo uulize api.crossref.org/works/ ukifuatisha DOI. ORCID yako ikiwemo kwenye majibu, pitisha. Isipokuwemo, iende safu ya "kagua", maana wachapishaji wengine hawaiweki hata kama makala ni yako.

Usihangaike kuandika ORCID moja kwa moja na skripti, API yao (mlango wa programu kuongea na ORCID) ya bure ni ya kusoma tu, ya kuandika ni ya taasisi wanachama. Na programu ikikuomba pasiwedi ya ORCID achana nayo, kuingia kunafanyika kwenye tovuti ya ORCID yenyewe. Pripriti (toleo la makala kabla ya kupita jarida) na makala ya jarida zina DOI mbili, zitakuja mara mbili, ziunganishe mwenyewe.

Mi kila Ijumaa nafungua safu ya "kagua", dakika kumi hivi. Samaki bado wanakuja.