Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

SWALI: Mhariri, mwanangu aliye sekondari ameniletea namba 4,294,967,297, akaniambia kuwa ni 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1, na kwamba mwanahisabati mmoja mashuhuri aliamini ni namba tasa. Je, ni kweli ni tasa? Na mtu anawezaje kuichunguza kwa kalamu na karatasi tu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, namba hiyo si tasa: ukiigawa kwa 641 unapata 6,700,417 bila baki. Aliyeamini kuwa ni tasa ni Pierre de Fermat wa Ufaransa. Mwaka 1640 aliona kwamba ukipandisha 2 kwa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara ukiongeza 1, unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa, akadhani mfuatano huo utaendelea hivyo daima. Mwanahisabati Christian Goldbach alimwandikia mwenzake Leonhard Euler kuhusu dhana hiyo mwaka 1729, na mwaka 1732 Euler, akiwa St. Petersburg nchini Urusi, akakitaja kigawo 641.

Kwa kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine kuanzia 2, mtu angeifikia 641 katika jaribio la 116. Lakini Euler alikuja kuthibitisha jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko jibu lenyewe: kila kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 kilichoongezewa 1. Sharti hilo linafuta karibu kila kitu, kwa maana namba tasa za kwanza zinazolitimiza ni 193, 257, 449, 577 na 641, hivyo majaribio 116 yanabaki matano.

Ipo pia njia ya kuhakikisha bila kugawa kabisa. Tazama kwamba 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na papo hapo ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 na 16. Kutokana na umbo la kwanza, 5 × 2⁷ ikigawanywa kwa 641 ina baki la −1 (yaani imepungukiwa 1 tu kufikia 641), kwa hiyo kipeo chake cha nne, 5⁴ × 2²⁸, kina baki la 1. Umbo la pili linaturuhusu kuweka −2⁴ mahali pa 5⁴, nasi tunapata kwamba −2³² ina baki la 1. Basi 2³² + 1 haina baki lolote.

Mwambie mwanao aendelee na 6,700,417, ambayo yenyewe ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, wala hakuna haja ya kujaribu vigawo vinavyokizidi, na sharti la 64, pamoja na nne ndogo zilizokwisha kukataliwa, linamwachia namba saba tu za kujaribu: 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113.