Maswali ya Wasomaji: Katika Mkondo wa Amali, Mwajiri Yuko Wapi?

Tangu Januari 2024, baadhi ya shule za sekondari za Tanzania zilipoanza kupokea wanafunzi wa kidato cha kwanza wa mkondo wa amali, yaani wa elimu ya ufundi stadi, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, barua zinazohusu elimu inayomwandaa kijana kwa kazi zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua nne. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

*Mwanangu wa kiume amemaliza darasa la saba na anataka kusoma umeme katika shule yenye mkondo wa amali. Mawifi zangu wanasema huko hupelekwa waliofeli, na kwamba akishaingia asahau chuo kikuu. Baba yake yuko njia panda. Je, namfungia mtoto mlango?* – Mama wa watoto watatu, Morogoro

Mama, mlango haufungwi. Mwanafunzi wa mkondo wa amali husoma fani aliyoichagua sambamba na masomo ya jumla kama Hisabati, Kiingereza na Historia ya Tanzania na Maadili, na utaratibu uliowekwa ni kwamba amalizapo kidato cha nne awe na vyeti viwili: cha elimu ya sekondari kutoka Baraza la Mitihani, NECTA, na cha ufundi stadi cha ngazi ya tatu kilicho chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Kundi lililoanza Januari 2024 linafika kidato cha nne mwaka 2027, kwa hiyo anayekuapia leo kwamba wahitimu wa mkondo huo wanazurura mitaani, au kwamba wote wamepata kazi, anakisia tu.

Kuhusu chuo kikuu, njia ya ufundi ni ndefu kidogo lakini inafika. Kijana anaweza kujiunga na chuo cha ufundi, mathalani Chuo cha Ufundi Arusha au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, akasoma hadi stashahada, kisha akaomba nafasi ya shahada. Masharti ya jumla ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, yanamtaka mwenye stashahada awe na wastani wa alama usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne au cheti cha ufundi stadi cha ngazi ya tatu. Yaani cheti hicho hicho ambacho mawifi zako wanakidharau kinahesabika mbele ya chuo kikuu. Vyuo huongeza masharti yao kwa baadhi ya programu, na uhandisi haumsamehi asiyejua Hisabati. Hapo ndipo ningemkazia macho.

Mimi ningeihofia zaidi shule yenyewe kuliko mkondo. Kabla ya kulipa chochote, nenda siku ya kazi, siyo siku ya mahafali, uombe kuingia karakana. Tazama ubao ambao wanafunzi hufanyia mazoezi ya kufunga umeme: kama matundu ya skrubu yamelegea kwa kufungwa na kufunguliwa, swichi zimechakaa na sakafuni kuna vipande vya waya, hapo watu wanajifunza. Karakana inayong'aa kama sebule ya wageni haijatumika. Uliza ni wanafunzi wangapi wanaogawana seti moja ya vifaa, kisha muulize mwalimu wa fani swali moja la mwisho, nalo ni jina la mkandarasi anayewapokea wanafunzi wa shule hiyo, na kazi waliyoifanya kwake. Kazi ya kufunga umeme majumbani inahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hivyo kijana aliyeshinda wiki kadhaa chini ya mwenye leseni hurudi akijua namna ya kupima ethi (muunganiko wa umeme na ardhi), fomu zinavyojazwa, na kwa nini TANESCO inaweza kukataa kuunganisha nyumba ambayo kwa macho imekamilika. Mambo hayo hayamo katika ubao wa mazoezi. Mwalimu akishindwa kukutajia mkandarasi hata mmoja, tafuta shule nyingine, wala usimlaumu mtoto kwa kuchagua umeme.

*Nilifundisha katika shule yenye mchepuo wa kilimo miaka ya sabini na themanini. Tulikuwa na shamba, trekta na ng'ombe. Vijana walikijua kilimo, wakamaliza, wakaenda kutafuta kazi za ofisini. Leo naambiwa amali ni jambo jipya. Kipya ni kipi?* – Mwalimu mstaafu, Tanga

Mzee wetu, shikamoo. Kwa sehemu kubwa jambo si jipya. Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na katika muongo uliofuata sekondari zikagawanywa katika michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu, kwa matumaini yale yale tunayoyasikia sasa. Unachokieleza kilionekana pia kwa watafiti. Mwaka 1985 George Psacharopoulos na William Loxley walichapisha, kupitia Benki ya Dunia, utafiti uliolinganisha wahitimu wa michepuo na wenzao wa masomo ya kawaida katika nchi za Kolombia na Tanzania, na hawakuona kwamba mchepuo ulimpatia kijana kazi kwa urahisi zaidi au kipato kikubwa zaidi, ingawa uliigharimu serikali fedha nyingi zaidi. Miaka 20 kabla yao, mwaka 1965, Philip Foster alikuwa ameandika kuhusu Ghana kwamba kijana hachagui kazi kwa sababu ya somo alilofundishwa, huchagua kwa kutazama mishahara ilipo. Wanafunzi wako hawakuwa wavivu wala hawakuchukia jembe. Walipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi.

Kwa nini basi nisikubaliane nawe kwamba jaribio la sasa limekwisha kufa kabla ya kuzaliwa? Kwa sababu ipo mifano ya elimu ya namna hii iliyobadilisha vipato vya watu, na ndani yake kuna kitu ambacho shamba lenu halikuwa nacho. Mwaka 1969 huko Philadelphia, Marekani, sekondari moja ilianzisha darasa la fani ya umeme kwa kushirikiana na kampuni ya umeme ya jiji, na mtindo huo ukasambaa nchini kote kwa jina tunaloweza kulitafsiri kuwa akademia za taaluma: kundi la wanafunzi 150 au 200 ndani ya shule kubwa, wenye walimu wale wale kwa miaka mitatu au minne, masomo ya darasani yakifungamanishwa na fani moja, na waajiri wa mji huo wakiwatembelea, wakiwalea na kuwapa kazi za muda. Shirika la utafiti la MDRC liliwafuatilia vijana zaidi ya 1,400 wa shule tisa ambao nafasi zao katika akademia hizo zilipatikana kwa bahati nasibu, kwa kuwa waombaji walizidi nafasi. Miaka minane baada ya wakati wa kumaliza sekondari, waliopata nafasi walikuwa wamejipatia kwa wastani asilimia 11 zaidi kwa mwaka kuliko waliokosa, na kwa wanaume tofauti ilifika asilimia 17. Kwa wanawake faida hiyo haikuonekana waziwazi, na alama za mitihani hazikupanda kwa yeyote. Kuendelea na vyuo hakukupungua.

Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: kijana alilipwa zaidi ilhali alama zake za mtihani hazikuzidi za mwenzake, kwa hiyo faida ilitoka kwa watu wa kazini aliowafahamu na mazoea ya kazi aliyoyapata kwao. Shule yenu ilikuwa na trekta, lakini sidhani kama kulikuwa na mnunuzi wa mazao, mwenye kiwanda cha maziwa au meneja wa mashamba ya mkonge aliyekuja darasani akisema anahitaji vijana wa aina gani na atawalipa nini. Huko Uswisi, ambako takribani theluthi mbili ya vijana huingia katika uanagenzi baada ya elimu ya lazima, mwanagenzi hukaa kiwandani au ofisini siku tatu au nne za wiki, na mwajiri ndiye anayemlipa. Hata kwetu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imewahi kuendesha mafunzo ya uanagenzi pacha, ambamo mwanafunzi hugawanya muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi, kwa hiyo si jambo la kigeni. Ila kuandikwa katika sera hakutoshi kumleta mwajiri shuleni, na hapo, Mzee, shaka yako naiunga mkono bila kusita.

*Shule yetu ina fani ya useremala. Tunatakiwa kufundisha kwa kazi mradi, lakini ukweli ni kwamba wanafunzi hutengeneza kigoda, tunakipa alama, kinaishia stoo. Mimi nafundisha Hisabati na sioni naingilia wapi.* – Mwalimu, Mufindi

Kigoda hakina kosa. Kilichokosekana ni mtu anayekihitaji. Ninyi mko jirani na msitu wa Sao Hill, mbao za paini hazitoki mbali, na sijawahi kusikia shule ya msingi isiyolalamikia madawati. Nendeni kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mkubaliane naye idadi, bei na tarehe, tena kwa maandishi, naye awe mteja kweli, mwenye haki ya kulirudisha dawati linaloyumba.

Hapo Hisabati inaingia yenyewe. Chukua mbao ya futi 12, ambayo ni takribani sentimita 366. Mkihitaji miguu ya sentimita 45, daftari linasema kila mbao inatoa vipande vinane na kubakiza sentimita sita. Kwa madawati 20 yenye miguu minne minne, mbao 10 zinatosha. Karakanani mambo yanakataa. Msumeno unakula kama milimita tatu kila unapopita, ncha za mbao mara nyingi zimepasuka na lazima zipunguzwe, na kipande cha nane hakitoki. Mkipata saba kwa kila mbao, mnahitaji mbao 12. Mwanafunzi aliyeahidi bei kwa kuhesabu mbao 10 atalazimika kueleza hizo mbili zinalipwa na nani, na nakuhakikishia kwamba hatasahau tena maana ya kukadiria. Wewe usimsahihishie makadirio mapema mno. Mwache akutane na hasara ndogo wakati shule bado inaweza kuibeba.

Mwenzako wa Kiswahili au Kiingereza asimamie barua ya makadirio na ankara, na wa fani asimamie viungo. Kisha mwombeni fundi seremala mwenye karakana mjini aje mara tatu: mchoro ukiwa mezani, miguu ikiwa imechongwa lakini haijatiwa gundi, na siku ya kukabidhi. Ziara ya pili ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa fundi atanyanyua mbao, ataipima uzito kwa mkono, na kuwaambia kwamba ni mbichi na itapinda kabla muhula haujaisha. Vitabu husema hivyo pia, lakini hakuna anayeviamini mpaka mbao ipinde. Alama mtoe ninyi walimu kwa mwongozo mliopewa, maana fundi hajui mitihani na hana sababu ya kuijua. Maoni yake yaandikwe pembeni na mwanafunzi ayajibu. Kwa awamu ya kwanza madawati 20 ni mengi. Anzeni na sita.

*Nina karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, na vijana watano wa kazi. Shule imeniomba nipokee wanafunzi wanne kwa wiki sita. Wakiungua, nani atawajibika? Na mimi nafaidika nini?* – Fundi, Mwanza

Fundi, umeuliza ambayo shule ilipaswa kukueleza kabla ya kukuletea barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa katika mazingira hatarishi, na wengi wa wanafunzi hao wana miaka 15 hadi 17. Unaweza kudai kwamba mwanafunzi si mwajiriwa, lakini usijengee kazi yako juu ya upenyo huo. Wapangie kupima kwa mteja, kuchora, kuandaa orodha ya vyuma, kuweka alama na kusafisha viungo kwa brashi ya waya. Kuchomelea wajifunze katika karakana ya shule chini ya mwalimu, na kwako waangalie wakiwa na kinga kamili ya macho. Hakikisha karakana yako imesajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na kabla hawajafika dai makubaliano yaliyosainiwa na shule, mzazi na wewe, yanayotaja bima na nani anampeleka hospitali mtoto akiumia.

Faida kwako haitakuwa fedha. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi inayolipwa na waajiri wakubwa haikuhusu kwa idadi ya watu ulio nao, hivyo hakuna unafuu wa kudai huko. Utakachopata ni kumwona kijana akifanya kazi kwa wiki kadhaa kabla hujafikiria kumwajiri, jambo ambalo sasa hulifanya kwa kubahatisha, na pengine mtu wa kukuandikia makadirio yanayosomeka, kwa kuwa mageti mengi hupotea kwa mteja asiyeelewa karatasi aliyopewa. Wanafunzi wanne kwa watu watano ni wengi. Pokea wawili, kwa wiki mbili za kwanza, kwa sharti kwamba mwalimu wa fani aje karakanani angalau mara moja kila wiki; shule ikijibu kwamba mwalimu hana nauli, wakatalie.